Ndoto Niliyomwotea Hamimu

Ndugu yangu Hamimu hakuweza kuona mahali patupu akapaacha. Mlango wa gari bovu, kifuniko cha pipa, ukuta wa choo, vyote aliviandika hesabu kwa chaki, na mimi ndiye niliyekuwa nafuta. Nilifuta kwa hasira, maana nguo nilizoanika karibu na ukuta zilirudi ndani na herufi mgongoni, na majirani wa aveni ya tisa, barabara yetu mtaani Buyenzi, walinisoma nikipita kama gazeti. Lakini mara nyingine nilisimama na kitambaa mkononi nikizitazama zile alama. Sikuelewa hata moja. Nilijua tu kwamba mtoto huyu niliyemlea ana kitu ambacho sisi wengine wa nyumba ile hatukupewa.

Nasema niliyemlea, na sijisifu. Mama alikufa mwaka wa hamsini na nane, mimi nina miaka tisa, Hamimu ana minne. Baba yetu, Rachidi, fundi wa magari, hakuoa tena. Watu walisema ni mapenzi kwa marehemu. Mimi niliyekuwa nikimwomba hela ya chumvi nilijua kwamba ubahili nao ulichangia. Hamimu nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini, na nilipokuwa natwanga alilala mgongoni humohumo.

Mwaka wa sabini betri ya lori ilimlipukia Baba usoni, asidi ikamla macho yote mawili. Mwanamume mwingine angekaa nyumbani kulia. Baba alirudi garajini baada ya wiki sita, akaketi juu ya tairi, akawa fundi wa masikio. Ulimwashia injini mbele yake, naye akainamisha kichwa kama anayesikiliza umbea, kisha akakwambia ugonjwa uko wapi. Vijana wake walifungua, wakaukuta palepale. Watu walikuja hata kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kumsikilizisha magari yao. Lakini kwenda msikitini, kwenda chooni, kutafuta kikombe kilicho mbele yake, yote hayo yalitaka mkono wa mtu, na mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Sasa niwaambie shida yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilifanya nililofanya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Katika mtaa wetu binti wa umri huo wanaanza kumwita shangazi. Mchumba wa kwanza alikuwa amengoja mwaka mmoja akachoka, akaoa kwingine. Wa pili aliitwa Seifu, dereva wa lori la mawese kutoka Rumonge, mtu wa maneno machache na mikono safi kuliko madereva wote niliowajua. Nilimpenda. Alitaka kunioa anipeleke kwao Rumonge. Na Baba je, nani angemshika mkono? Jibu lilikuwa moja tu: Hamimu abaki mjini, aoe, mke wake achukue nafasi yangu. Hamimu akiondoka, mimi sitoki.

Ikafika Septemba ya mwaka wa sabini na nne. Serikali ilimkubalia Hamimu kuingia chuo kikuu, upande wa hesabu. Baba alichinja mbuzi, yeye ambaye kuku tu alikuwa akimchinja kwa majonzi. Lakini hesabu peke yake haikuwapo. Hamimu alinieleza jikoni, akiokota mchele pamoja nami: hesabu ni kama ugali, lazima ushuke na mboga, na mwaka ule mboga zilikuwa mbili, fizikia au fedha. Alipewa karatasi yenye visanduku viwili. Ilibidi atie alama katika kimoja na kuirudisha kwenye dirisha la uandikishaji kabla ya saa tisa ya Ijumaa, tarehe ishirini na saba.

"Ukichagua fizikia, inakuwa vipi?" nikamuuliza.

"Miaka mbili hapa. Halafu wenye kushinda wanawatuma Ubelgiji. Wenye kubaki wanafundisha huko juu, Ngozi, Ruyigi, penye serikali inataka."

"Na fedha?"

"Miaka mine hapa hapa. Halafu benki."

"Hapa mjini?"

"Hapa mujini, Dada."

Niliendelea kuokota mchele, lakini mawe sikuyaona tena. Nikamuuliza yeye anapenda ipi, na nilijua kabla hajajibu. Akasema fedha nayo ina hesabu yake, si kwamba anaidharau. "Lakini ni hesabu yenye imefungwa kamba muguuni, kama mbuzi. Inakula penye kamba inafika." Ile nyingine, akasema, haina kamba. Uso wake ulikuwa umewaka. Kule chuoni, toka yale mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, viti vingi vilikuwa vitupu, na hakuna mtu aliyeuliza kwa sauti wenyewe wako wapi. Yeye alikuwa na rafiki mmoja tu aliyekubaliwa pamoja naye, Callixte, kijana wa Gihosha ambaye alikuja uani kwetu kila Jumamosi Hamimu amfundishe. Wote wawili walikuwa wameshapanga fizikia.

Kwa Baba alisema kwa adabu zaidi. "Mi napenda ile ya fizikia, Baba. Lakini nitafanya yenye utasema."

Baba hakusema. Alikuwa kati ya moto na maji. Benki ingemweka mwanawe karibu, ila Mwalimu Massoudi, aliyetufundisha sote Kurani na aliyekuwa akipita kwetu kila jioni kunywa kahawa, alikuwa ameshatoa neno lake. "Benki ni nyumba ya riba, Rachidi. Mwenye kula na mwenye kuandika, wote dhambi yao moja." Jirani yetu Mwantum, aliyeuza sambusa mlangoni na masikio yake yakiwa kwetu, akadakia kwamba mchagua jembe si mkulima, mtoto aende popote penye mshahara. Mwalimu akamwambia aangalie mafuta yake yasiungue. Baba aliwaacha wagombane. Mwisho akasema kwamba jambo hili limemshinda, tutamwachia mwenye kujua: tutasali istikhara.

Kwa wasiojua, istikhara ni sala ya kuomba shauri. Unatawadha, unasali rakaa mbili, unamwomba Mungu akuonyeshe lenye kheri, kisha unalala. Mwalimu Massoudi alisema kwamba mwenye jambo ndiye asali, na kwamba ndoto si sharti, Mungu ana njia nyingi. Lakini Buyenzi yetu ina desturi zake. Kwetu istikhara bila ndoto ni kama barua bila jina, na anayesali ni nyumba nzima. Baba akaamuru sote watatu tusali usiku wa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, na atakayeonyeshwa aseme Alhamisi wakati wa futari. Tulikuwa ndani ya Ramadhani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza palepale. Jumatatu hiyohiyo nilikuwa nimeingia katika siku zangu. Sikuwa nasali wala kufunga. Nyumba yenye mama au shangazi, neno kama hilo linapita kimyakimya kutoka kwa mwanamke mpaka kwa mwanamume, na hakuna anayeona aibu. Nyumba yetu ilikuwa na kipofu na kijana. Nimwambie nani? Baba hakuweza kuona kwamba mkeka wangu haujatandikwa. Nikasema moyoni, mimi nisiposali wao wawili wanatosha.

Jumanne mchana nilikuwa jikoni nimechuchumaa, nakula kiporo cha muhogo. Hamimu akaingia kuchukua maji ya kutawadha. Aliniona nikitafuna. Akakohoa, akageuza uso, akachukua birika akatoka. Hakuna dada na kaka wanaozungumza mambo hayo, na yeye alikuwa na haya kuliko msichana. Mimi nilimeza muhogo wangu nikasahau.

Alhamisi jioni tukakaa kufuturu. Baba alikunywa uji, akatoa sauti ya shukrani, akasema yeye hakuona kitu. "Toka macho yangu yakufe, hata ndoto zangu ni giza." Akamwuliza Hamimu.

"Mi pia, Baba. Nililala tu."

"Kama hakuna kitu," Baba akasema taratibu, "basi labda Mungu anamuachia mutoto achague yeye mwenyewe. Aende na hiyo fizikia. Tutafanya nini."

Nilimwona Hamimu akishusha pumzi. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo. Na mimi, wallahi, sikuwa nimepanga. Nilimwona Seifu akigeuza lori lake kwenda Rumonge bila mimi. Nilijiona nina miaka arobaini nikimwongoza Baba msikitini, nikimngoja nje na viatu vyake mkononi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mi niliota, Baba."

Nikasema nilimwona Hamimu amevaa kanzu nyeupe, anapanda ngazi za jumba kubwa la kule sokoni, lile la benki, amebeba funguo. Ningekomea hapo, ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini niliona Baba bado amekunja uso, bado anafikiria riba, nikaongeza: "Na Mama alikuwa amesimama mulangoni, amevaa nguo ya kijani. Anacheka. Anamuita aingie."

Baba akalia. Yale macho yasiyoona yalikuwa bado na machozi, sikuwa najua. Akanyoosha mkono akakipapasa kichwa changu, akasema, "Mama yenu amesema. Basi. Imekwisha."

Hamimu alinitazama mara moja tu. Ndipo nikaukumbuka ule muhogo. Alijua. Mtu asiyesali hawezi kusali istikhara, na kijana huyu alikuwa ameniona kwa macho yake mawili. Nilingoja aseme. Akainua kikombe chake akanywa. Angesema nini? Ili anifunue ilimbidi ataje mbele ya baba yake jambo ambalo ulimi wake haukuweza kulitaja hata kwa daktari. Haya yake ndiyo iliyonificha, na mimi nilikubali kufichwa.

Asubuhi ya Ijumaa habari ilikuwa imeshafika mwisho wa aveni. Mwantum alinikumbatia mlangoni akicheka, akilichezea jina langu, "Sijaona ameona!" Hata Mwalimu Massoudi alikuja, akasema kwamba kama ni ndoto ya kweli yeye hana neno. Maneno "kama ni" aliyasema akitazama mikono yangu. Yeye ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba anayetunga ndoto ambayo hakuiota, Siku ya Kiyama ataambiwa afunge fundo punje mbili za shayiri, na hataweza, na ataendelea kuambiwa afunge. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiona ni adhabu nyepesi kuliko moto. Siku ile nikiwa natwanga niliziona zile punje mbili zikinitelezea vidoleni.

Hamimu alijiandaa kwenda chuoni. Ile karatasi ilikuwa mezani, na nilipopita nikachungulia: visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu. Akaikunja akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni alisimama.

"Dada, hauko na kitu ya kuniambia?"

Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akiniomba nimpunguzie pilipili.

"Kitu gani?" nikasema. "Nenda, utachelewa."

Akaenda. Nikafagia uwanja, nikafagia tena uwanja uleule. Saa saba Baba alikuwa msikitini na Mwalimu. Nikajifunga mtandio, nikatoka. Nilikuwa nimekata shauri, sitaki mnione mbaya kuliko nilivyokuwa: nilikuwa nakwenda kumwambia aandike anachokitaka, na Baba nitamkabili mwenyewe. Nilipita Bwiza nikitembea karibu kukimbia, nikaingia Nyakabiga. Pale kwenye maduka, kutoka hapo mpaka chuoni ni kupanda kidogo tu, niliona lori la Seifu limesimama, anashusha mapipa ya mawese.

Akafurahi kuniona. Akafuta mikono, akaja mpaka hatua tatu kutoka kwangu, maana ilikuwa Ramadhani na watu wana macho.

"Nilikuwa nakuja kwenu leo," akasema. "Nyumba nimeshapaka chokaa. Lakini Mama amesema, kama ndoa haiko baada ya Idd, yeye atanitafutia mwingine. Amechoka kungoja. Na mi, Sijaona, nitamwambia nini?"

"Mwambie baada ya Idd," nikasema.

Nikageuka nikarudi nyumbani. Sikulazimishwa na mtu. Seifu hakujua hata nilikuwa nakwenda wapi.

Hamimu alirudi karibu na magharibi. "Nimeandika fedha, Baba," akasema, na Baba akasema alhamdulillahi mara tatu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu na yenye kivuli. Niliolewa baada ya Idd, mkono wa Baba nikamwachia Hamimu, nikaenda Rumonge, nikazaa mara mbili. Seifu alikuwa mume mwema na bado ni mume mwema, na hilo ndilo lililonitesa, maana ningepata mume mlevi ningesema nimeshaadhibiwa, tumemalizana.

Hamimu alisoma miaka minne. Alishinda kila mwaka bila kelele. Akaoa Marguerite, binti mpole wa kwao Uvira aliyesilimu, naye akamtunza Baba vizuri kuliko nilivyomtunza mimi. Benki ikamchukua. Kila nilipokuja kuwatembelea nilitafuta chaki. Ukuta wa choo ulikuwa umepakwa rangi na ulibaki mweupe. Milango ya magari garajini ilikuwa na kutu tu. Nani angeamini kwamba nitakuja kutamani kufuta?

Callixte alikwenda Ubelgiji. Yeye ambaye Hamimu alikuwa akimfundisha mpaka jasho linamtoka! Mwanzoni barua zake zilikuja zimejaa maswali, na Marguerite aliniambia kwamba Hamimu alikuwa akikaa nazo siku nzima ya Jumapili, anajibu. Halafu siku moja nilipokuwa nafuta vumbi chini ya redio nikakuta barua nne za Ubelgiji, hazijafunguliwa. Nikazirudisha palepale. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikalia kama aliyefiwa.

Nilijaribu kusema. Mara mbili nilipanda gari Rumonge nikiwa na maneno tayari, na mara zote mbili nilimkuta Baba juu ya tairi lake akimsimulia mteja ile ndoto. Alikuwa ameifanya hadithi yake. Ngazi aliziongeza zikawa nyingi, funguo zikawa za dhahabu. "Mama yao alimuita kwa jina," alisema, na injini ya mtu inanguruma inangoja. Kipofu ana picha ngapi? Nilishindwa kumnyang'anya hiyo moja.

Baba alikufa Februari ya mwaka wa sabini na tisa, kwa homa ya siku nne. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuondoka, Mwalimu Massoudi alitugawia urithi. Ilikuwa nyumba tu: Hamimu mafungu mawili, mimi moja. Mwalimu akaenda zake, Marguerite akaenda kuosha sufuria, tukabaki uani sisi wawili juu ya mkeka. Jua lilikuwa bado juu.

"Fungu yangu uchukue," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Chukua tu. We ndiye ulikuwa na Baba."

"Mungu ameshagawa, Dada. Mi ni nani nigawe tena?"

"Hamimu, ile ndoto…"

Akanigeukia. Katika maisha yake yote hakuwahi kunipandishia sauti, na siku ile aliipandisha. "Unataka kunilipa! Na nyumba ya Baba unataka kunilipa!"

Marguerite akachungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Mimi nikayasema yote, haraka, kama mtu anayetapika: kwamba sikuota, sikusali, nilitunga, na Mama nilimtia mle ndani ili Baba asikatae. Yeye alinisikiliza akichuma nyuzi za mkeka.

"Najua," akasema. "Nilikukuta jikoni."

"Na hukusema."

"Niseme nini mbele ya Baba? Niseme dada yangu hakusali, juu ya…" Hata siku ile, mtu mzima mwenye mke, hakuweza kumaliza. "Nilingoja useme we mwenyewe. Ile Ijumaa nilifika kule saa nne. Watu wote wakaandikisha, wakaenda, Callixte akaenda. Mi nikabaki pale dirishani. Kila mwanamuke mwenye mutandio akipita chini, nageuka. Nasema, huyu ni Dada. Mpaka karani akaniambia anafunga."

"Nilitoka," nikasema. "Nilifika Nyakabiga."

Akanitazama. "Ukarudi juu ya nini?"

Ningeweza kumpa sababu kumi. Nilikuwa nimezitengeneza kwa miaka mitano, nzuri zote. "Nilitaka kuolewa," nikasema.

Akachuma uzi mwingine wa mkeka. Aliposema, sauti ilikuwa imerudi chini, na hiyo iliniuma kuliko ile ya kelele.

"Ungeniambia vile tu. Dada, we ulinibeba mugongoni. Ungekuja ukaniambia, Hamimu, mi nataka kuolewa, ningeandika fedha asubuhi ile ile. Na ningeandika mi mwenyewe, na roho yangu. Hukuniachia hata hiyo."

Nikasema jambo pekee nililoliona mbele yangu: kwamba kesho nitakwenda kwa Mwalimu Massoudi, nitatubu, nitasema mbele ya watu wote wa aveni kwamba ile ndoto ilikuwa uongo. Baba hayupo tena wa kuumia.

"Apana," Hamimu akasema.

"Lazima. Siwezi kufa na hii kitu."

"Apana, Dada." Alikuwa ameinama, anausemesha mkeka. "Mi nilikuwa na miaka mine. We unamukumbuka Mama, Baba alikuwa anamukumbuka. Mi nikifumba macho sipati kitu. Picha hakuna. Sauti hakuna. Niko na ile tu, yenye uliweka mulangoni. Kila asubuhi napanda zile ngazi, najua ni uongo yako, najua vizuri, na namuona. Anacheka, ananiita. Ndiyo naingia kazini. We ukisema mbele ya watu, nitabaki na ngazi."

Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Mwantum alikuwa akiita wateja kule nje, sambusa za moto, sambusa. Hamimu akajifuta uso na mkono wa kanzu, kisha akaniuliza polepole, bila kuniangalia:

"Ile nguo yake ya kijani. Ilikuwa na maua nyeupe, si ndiyo?"

Mama nilimjua na nguo mbili tu, kaniki moja nyeusi na kitenge kimoja cha rangi ya udongo ambacho ndicho nilichombebea Hamimu mpaka kikachanika. Kijani hakuwahi kuvaa. Na juu ya maua mimi sikuwahi kusema neno, si kwa Baba, si kwa mtu yeyote.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nyeupe. Madogo madogo."